Paka niliyemwokota sokoni anatafuna nyuzi za cherehani na kung'ata miguu ya watu, naombeni ushauri

FundiMadera (Tanga):

Salaam wapendwa. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani hapa Ngamiani, chumba cha mbele ndicho ofisi yangu. Nashona madera, sare za shule, na msimu wa harusi ukifika nashona magauni ya lesi. Nataja kazi yangu kwa sababu ndiyo inayolifanya jambo hili liwe zito.

Mwisho wa masika nilikwenda soko la samaki la Deep Sea kununua vibua. Chini ya meza ya muuzaji mmoja kulikuwa na mtoto wa paka wa rangi ya machungwa mwenye mistari, amelowa maji ya samaki, jicho moja limefumbwa na tongotongo. Yule muuzaji akasema mama yake aligongwa na bodaboda na ndugu zake hajui walipoishia. Alikuwa anaenea kwenye kiganja. Nikamfunga kwenye mtandio nikaja naye. Tukamwita Kibua.

Jicho limepona. Amenenepa, manyoya yanang'aa, na duka la dawa za mifugo wameniambia kwa kumwangalia tu kwamba anakaribia miezi mitano. Usiku analala juu ya cherehani ya miguu, pale pale penye gurudumu. Ni mnyama ninayempenda na sitaki kumrudisha alikotoka. Lakini nyumba imekuwa na taabu mbili.

Ya kwanza ni meno. Anatafuna kila kitu chembamba kinachoning'inia. Waya wa pasi una alama za meno. Chaja ya simu ya mume wangu ameikata kabisa, bahati njema haikuwa kwenye umeme. Anatafuna futi, lastiki, mifuko ya nailoni ya kuhifadhia nguo za wateja, na zaidi ya vyote nyuzi. Nikikata uzi ukaanguka, kabla sijainama ameshauingiza mdomoni. Juzi ameshika pindo la dera la mteja akalinyofoa lesi yake, ikabidi ninunue lesi nyingine kwa hela yangu na kubandua ile yote. Kwenye kinyesi chake nimeona kipande cha uzi wa bluu.

Ya pili ni ukali wa mchezo. Kila jioni, kuanzia magharibi mpaka baada ya isha, anageuka mnyama mwingine. Anajificha nyuma ya pazia, ukipita anakurukia kwenye shavu la mguu, anakumbatia kwa mikono ya mbele, anang'ata, huku miguu ya nyuma inapiga mateke yenye kucha. Mwanangu wa mwisho ana michubuko mikono yote miwili, maana wanacheza naye kwa vidole. Ninayemhofia zaidi ni mama mkwe wangu, tunaishi naye na ana sukari. Kidonda cha mguuni kwake si jambo dogo, mwaka uliopita alikaa na kimoja muda mrefu sana. Kibua amemrukia mara moja, akamkwaruza juu ya kisigino. Tulisafisha kwa maji ya chumvi na kidonda kikafunga, lakini tangu hapo mama anapita ukumbini ameshika bakora.

Jirani kanishauri nimchape kwa ufagio kila anapong'ata. Nilipomnyooshea ule ufagio alijibanza chini ya kabati hadi usiku wa manane, na kesho yake akang'ata vile vile. Mume wangu anasema akirudishwa sokoni atajitafutia, samaki wapo. Mimi namjibu kwamba paka aliyezoea mto na sahani hatapambana na wale madume wa pale.

Chakula chake ni ugali uliochanganywa na dagaa asubuhi na jioni, na maziwa kabla ya kulala.

Naomba mwenye ujuzi anisaidie. Hii ni tabia ya umri itakayopita, au nimepata paka mwenye kasoro? Na kuhusu nyuzi, nifanye nini wakati ndiyo kazi inayotulisha?


MzeeWaKirumba (Mwanza):

Binti, paka ndivyo walivyo, hasa dume. Saga pilipili kichaa, pakaza kwenye nyaya na kwenye mapindo ya nguo uone kama atarudia. Na usiku mtoe nje akawinde panya, nguvu zitamwisha huko. Sisi kwetu paka halali ndani.


TabibuMifugo (Morogoro):

Dada FundiMadera, pole, na hongera kwa kumwokoa. Mimi ni daktari wa mifugo, nilisomea SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Kazi yangu kubwa ni ng'ombe na mbuzi lakini paka na mbwa wananijia kila wiki. Ruhusu nianze na ule uzi wa bluu, kabla ya waya na kabla ya miguu, kwa sababu mengine yote uliyoandika yana subira na hilo halina.

Ulimi wa paka una vijimiiba vidogo vinavyoelekea kooni. Uzi ukishagusa ulimi, ni vigumu kwake kuutema, kila akilamba unazidi kuingia. Ukiwa mfupi unaweza kupita na kutoka, kama ulivyoona. Ukiwa mrefu, ncha moja hunasa, mara nyingi chini ya ulimi au pale tumbo linapoingilia utumbo, na ncha ya pili inaendelea na safari. Hapo utumbo unajivuta juu ya uzi ule na kujikunja kama kiuno cha sketi kilichopitishwa lastiki. Kadiri utumbo unavyosukuma, uzi unaukata kwa ndani. Hakuna dawa ya kunywa kwa hali hiyo, ni upasuaji, na ukichelewa unampoteza. Ukiwa na sindano ndani yake ndiyo balaa zaidi. Paka hatamani sindano, anaufuata uzi na sindano inakwenda nao.

Basi shika dalili hizi: kutapika na kurudia kutapika, kukataa chakula, kutoa mate, kujikunyata pembeni, kutotaka kushikwa tumboni. Ukiziona, usimpe mafuta ya kula wala dawa ya kuharisha, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo na umwambie wewe ni fundi nguo. Na ukiona ncha ya uzi inaning'inia mdomoni au nyuma, USIUVUTE. Hata kama inaonekana kama itatoka kwa wepesi. Hujui ncha nyingine imenasa wapi.

Kuhusu kazi yako, huna haja ya kuiacha wala ya kumtoa paka. Chumba cha mbele kiwe na mlango unaofungwa, na usipokuwepo Kibua asiwemo. Ukiwa unashona naye yumo, uwe na ndoo yenye kifuniko karibu na mguu wako, kila uzi unaokata uende mle, usiuache uanguke. Bobini na reli za uzi zikae kwenye makopo, sindano za mkono zikae kwenye kopo la kufunga badala ya kuchomekwa kwenye kitambaa mezani. Toa uzi kwenye cherehani ukimaliza kazi, maana ule unaoning'inia kutoka kwenye sindano ndio unaomwita. Fagia kabla ya kuzima taa. Najua ni kazi juu ya kazi, lakini naisisitiza kwa sababu nimeshapasua paka wa mafundi.

Sasa nyaya. Umeme wetu ni volti 230 na paka wa kilo mbili hauhimili. Hata asipokufa pale pale, huungua ndani ya mdomo, na mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye wakati watu wameshasema amepona. Ikitokea, zima swichi ukutani kwanza, ndipo umguse, halafu mpeleke hata kama anatembea. Kwa kuzuia, nunua zile paipu nyembamba za plastiki wanazotumia mafundi umeme, mwambie fundi azipasue kwa urefu, uvalishe waya wa cherehani na wa friji. Pasi na chaja chomoa na uweke kabatini.

Mzee wangu wa Kirumba, shikamoo. Pilipili naomba tusiitumie. Inamfikia paka machoni kupitia makucha anapojisafisha, na wapo wanaoendelea kutafuna hivyo hivyo. Maji ya limau yaliyopakwa juu ya ganda la waya uliochomolewa, ukaachwa ukauke, paka wengi hawayapendi na hayamuumizi. Na kumtoa nje usiku kuna magari, mbwa na madume wenye kugombana. Akirudi na jeraha la kung'atwa, gharama yake ni kubwa kuliko chaja.

Kwa nini anatafuna? Sababu ya kwanza ni umri. Paka huzaliwa bila meno, huota 26 ya utotoni, kisha kati ya mwezi wa nne na wa saba hivi hayo hung'oka na kuota 30 ya ukubwani. Kibua yuko katikati ya kipindi hicho na fizi zinamuuma. Ukifunua mdomo wake taratibu unaweza kuona jino la chonge la zamani na jipya yamesimama pamoja, na wakati mwingine utakuta jino dogo sakafuni. Hili litapita. Mchemsho wa kuku usio na chumvi, kitunguu wala kitunguu saumu, ukigandishwa kwenye friji na kupewa kama kipande cha barafu cha kulamba, unampoza.

Lakini kutafuna ni jambo moja na kumeza ni jambo jingine. Anayetafuna na kutema ana meno yanayoota. Anayemeza vitambaa, nailoni au udongo anaweza kuwa ana minyoo, ana upungufu wa damu, ana njaa ya kitu fulani mwilini, au aliachishwa kunyonya mapema mno. Angalia fizi zake: ziwe za waridi. Zikiwa nyeupe, mlete kwa daktari. Mtoto wa paka anapaswa kupewa dawa ya minyoo kila mwezi hadi afike miezi sita, na kipimo kiende na uzito wake, hivyo apimwe kwenye mzani. Akiwa na viroboto, dukani ombeni dawa iliyoandikwa kuwa ni ya paka. Dawa nyingi za viroboto vya mbwa zina permethrini ambayo inaua paka, na dawa ya kuogeshea ng'ombe usimkaribishe kabisa. Na panado kamwe, hata nusu.

Chakula nacho kibadilike. Ugali unamshibisha bila kumlisha. Paka ni mla nyama kwa maumbile, kuna kitu kinaitwa taurini ambacho mwili wake hauwezi kujitengenezea cha kutosha, na akikikosa kwa muda mrefu moyo na macho yanaharibika. Kimo kwenye samaki na nyama, hakimo kwenye unga. Geuza kipimo: dagaa wasio na chumvi au samaki wa kuchemshwa waliotolewa miiba wawe ndio chakula chenyewe, ugali uwe kidogo sana au usiwepo. Mioyo ya kuku ni bei nafuu na ina taurini nyingi. Maini mara moja moja tu. Mgawie mara tatu au nne kwa siku hadi miezi sita. Maziwa acha, paka wengi wakishaacha kunyonya yanawaharisha, mpe maji.

Sasa ukali. Dada, huna paka mwenye kasoro. Una paka aliyekosa shule. Kuanzia wiki ya nne hivi hadi ya kumi na mbili, watoto wa paka hucheza kupigana mchana kutwa. Mmoja aking'ata kwa nguvu, mwenzake hulia, humgeuzia kibao au huacha mchezo akaondoka, na mama naye huonya. Hivyo ndivyo wanavyojifunza kupima meno na kuficha kucha. Kibua alitolewa katika masomo hayo kwa ajali. Aliyebaki kumfundisha ni ninyi, na watoto wako wamekuwa wakimfundisha kwamba vidole ni mawindo. Hawakujua, ni mchezo unaopendeza paka akiwa mdogo, ila leo ana chonge mpya.

Kanuni ya nyumba nzima iwe moja: mkono ni wa kupapasa na kulisha tu, hauchezeshwi. Akishika mkono au mguu, usiunyofoe, kwa sababu kitu kinachokimbia ndicho anachokifukuza. Ganda. Usipige kelele. Akilegeza, ondoka, funga mlango dakika mbili tatu. Mchezo umekwisha kwa sababu ameng'ata, na hiyo ni lugha aliyopaswa kuisikia kutoka kwa nduguze. Ufagio na maji ya kurushiwa havimfundishi hilo. Vinamfundisha kwamba ninyi ni wa kuogopwa, na paka mwenye hofu anang'ata kwa kujitetea, ambako ni kubaya kuliko kwa mchezo.

Kisha mpe pa kumalizia nguvu. Paka huwinda zaidi alfajiri na jioni, ndiyo maana magharibi kwenu imekuwa saa ya vita. Mtangulie. Kabla ya muda huo, chukua ufito mrefu, funga kamba nene na unyoya wa kuku mwishoni, ukimbize sakafuni, nyuma ya kiti, chini ya mkeka, kama panya anayejificha. Mwache aukamate mara kwa mara. Robo saa, hadi aanze kulala chali na kuhema. Hapo hapo mpe chakula chake cha jioni. Atakula, atajilamba, atalala. Rudia asubuhi kabla ya kufungua ofisi. Ufito ukimaliza weka juu ya kabati, kwa sababu ya kamba.

Na kwa yale mateke ya nyuma, wewe una kitu wengine hawana: cherehani. Mshonee mto mrefu wa jinzi, urefu wa kiganja hadi kiwiko chako, ushindiliwe ukawa mgumu. Anapotaka kukumbatia mguu, msukumie huo.


FundiMadera (Tanga):

Daktari, Mungu akuzidishie. Nimesoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama nafagia. Reli zote ziko kwenye makopo ya maziwa ya unga, na mume wangu ameweka komeo kwenye mlango wa ofisi.

Nimemfunua mdomo. Kweli, upande wa kulia chonge ziko mbili mbili. Fizi zina rangi ya waridi. Nailoni simwoni akimeza, anaitoboa toboa tu, lakini uzi anameza na lesi nadhani anameza.

Nina maswali mawili. Mama mkwe akikwaruzwa au kung'atwa tena, tufanye nini hasa? Na mume wangu anauliza kama tunaweza kumfunga kamba ya shingo jioni mpaka mama apande kitandani.


BiLeso (Mombasa):

Dadangu wa Tanga, mimi si daktari ila nimeyaishi hayo, nami nina neno.

Paka wangu niliokota akiwa hata hajajua kula, kwenye mtaro huku Kisauni. Yeye hakuwa mtafunaji, alikuwa mnyonyaji. Anachukua pembe ya leso, anakanda kwa mikono kama anakanda tumbo la mamake, ananyonya mpaka leso inalowa. Nikaona ni upendo. Akikua akaanza kunyonya fulana ya sufu ya mume wangu, na kutoka kunyonya akaingia kutafuna, akaacha matundu. Huyo wako anayeshika lesi, mtazame: je, anakanda huku anafumba macho? Ikiwa ndivyo, anatafuta mama. Mimi nilimpa kitambaa chake kimoja cha turubai asichoweza kukinyofoa, na kila nikimuona na leso namwondoa bila makelele nampeleka pale. Leso zote zikawa sandukuni. Imechukua muda mrefu lakini ameacha sufu.

Mifuko pia alikuwa mtu wa mifuko. Ile ya kubebea huku Kenya ilipigwa marufuku Agosti 2017, na kwenu nimesikia Juni 2019, lakini nailoni ya mkate na ya kufungia nguo mpya bado imejaa majumbani. Wewe mwenye wateja jaribu kuwapa nguo kwenye mfuko ulioushona kwa vipande vyako vya kitambaa vilivyobaki. Hasara mbili umeziondoa.

Jambo lililotusaidia zaidi ya yote ni paka wa pili. Najua mume wako atashika kichwa. Wangu pia alishika. Lakini yule mdogo wa pili ndiye aliyemfundisha wa kwanza kung'ata polepole. Alilia mara ya kwanza, akalia ya pili, na ndani ya wiki chache mchezo wao ukawa wa vishindo lakini bila damu, na miguu yetu ikasahaulika. Usiwakutanishe siku moja. Mmoja akae chumbani, wanuse matandiko ya mwenziwe, wale kila mmoja upande wake wa mlango, ndipo ufungue. Na wakifika umri, wafungwe uzazi wote wawili, ama sivyo utanitafuta kwa ushauri mwingine.

Kingine, nilimpandia majani kwenye kopo. Anatafuna yale badala ya mimea ya watu. Unaweza kutumia ngano au mtama, chochote kinachoota haraka.

Kumfunga kamba shingoni, la. Si kuiogopa kamba tu, atajinyonga akiruka kutoka dirishani.


TabibuMifugo (Morogoro):

Namuunga mkono BiLeso kwa karibu yote, na namshukuru kwa habari ya kunyonya leso, hiyo hutokea sana kwa walioachishwa mapema. Narekebisha moja tu: majani yawe ya ngano au shayiri, si mtama. Michipukizi ya mtama ina sumu ya sayanidi, wafugaji wa ng'ombe wanaijua vizuri.

Kamba ya shingo, hapana, na kumfunga kutamwongezea nguvu za kumalizia baadaye. Mpeni chumba, awe na maji, sahani na mchanga wake, wakati mama anapotembea ukumbini. Hiyo si adhabu, iwe ratiba ya kila siku baada ya mchezo na chakula.

Sasa suala la mama, na hapa naomba mume wako asome mwenyewe. Jino la paka ni jembamba na linaingia ndani. Tundu linafunga juu huku vijidudu vimebaki chini, kwa hiyo kidonda kinaweza kuonekana kimepona kesho na kuvimba keshokutwa. Kwa mwenye sukari mguuni, usisubiri uvimbe. Oshea kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, si maji ya chumvi kwenye beseni. Halafu hospitali siku hiyo hiyo, mseme ana sukari na kwamba ni paka. Daktari wa binadamu ndiye atakayeamua dawa ya vijidudu, pepopunda, na chanjo ya kichaa cha mbwa.

Ndiyo, kichaa cha mbwa. Paka naye anakipata na kukiambukiza, na kikishaonyesha dalili kwa mtu hakina tiba. Kibua ametokea sokoni na historia yake hatuijui. Mkwaruzo wa mama ulipotokea hamkwenda, basi mwende sasa mkaulize. Na Kibua achanjwe wiki hii, umri wa miezi mitatu ameshaupita. Kumfunga uzazi pia anaweza kuanzia sasa, kama daktari wa hapo ataridhika na afya yake. Hakutaondoa mchezo wa jioni moja kwa moja, ila kutampunguzia kutoroka na kugombana.

Mama avae soksi nene na viatu vya kufunika kisigino ndani ya nyumba kwa sasa. Bakora aiweke, Kibua anaiona kama kitu cha kufukuza.


MzeeWaKirumba (Mwanza):

Marahaba daktari. Pilipili nimeifuta. Mtaa wetu kuna wajukuu wanaochezesha paka kwa vidole, nitawasomea haya leo.


FundiMadera (Tanga):

Nimerudi kuwapa habari.

Mama amekwenda hospitali, amehudumiwa na amepewa tarehe za kurudi kwa chanjo. Kibua naye amechanjwa, amepimwa kwenye mzani wa duka, amepewa dawa ya minyoo, na minyoo iliyotoka siku iliyofuata ilitutosha kuelewa kwa nini alikuwa akila ugali wote ule na bado ananusa jiko. Sasa anakula dagaa wa kuchemsha na mioyo ya kuku. Maziwa tumeacha, kinyesi kimekuwa kigumu.

Uzi hajaupata tangu niweke ndoo. Mara ya kwanza alikaa mbele ya ndoo anaililia, nikahisi vibaya, sikufungua. Nyaya zimevalishwa paipu. Nimemtazama kwenye lesi kama alivyosema Bi Leso: hakandi, hafumbi macho, anang'ata kwa pembeni kwa magego. Kwa hiyo naamini ni meno.

Jioni bado si shwari kabisa. Mwanangu ndiye mshika ufito, amepewa kazi hiyo rasmi na anaifanya kwa bidii kabla ya magharibi. Siku wanazocheza, Kibua anakula na kulala juu ya gurudumu lake. Siku ambayo kijana alikuwa madrasa hadi usiku, aliniparamia mguu vile vile. Nikaganda kama mlivyosema, na akaachia bila kukaza meno. Zamani alikuwa anakaza. Paka wa pili mume wangu hajakubali, ila hajasema hapana.

Nimemtengenezea pia pa kuparua kwa kucha, maana hapa Tanga hatukosi katani. Mkonge ulifika nchi hii mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf aliuleta, na babu yangu alikata mkonge maisha yake yote. Nimenunua kamba ya katani nene, nikaizungushia mguu wa meza ya kukatia kutoka chini hadi kimo anachofika akijinyoosha, nikaibana kwa misumari midogo iliyozama. Anaitumia kila anapoamka, na pazia ameliacha.

Na ule mto wa jinzi, wawili wameniuliza kwa ujumbe namna ya kuushona, basi nauandika hapa. Chukua mguu wa suruali ya jinzi iliyochakaa, sehemu ya chini ya goti, ambayo tayari ni bomba. Geuza nje ndani. Shona mdomo mmoja kwa mshono wa mistari miwili, uzi wa jinzi, sindano namba 16, rudi nyuma mwanzo na mwisho. Kata nyuzi zote ziwe fupi kabisa na pitisha ovaloki ili kitambaa kisichanike. Geuza. Shindilia vipande vya vitambaa vilivyokunjwa, si vilivyokatwa katwa, hadi mto usikunjike ukiushika katikati. Mdomo wa pili kunja ndani mara mbili, shona mistari miwili juu yake. Usiweke kifungo, zipu, utepe wala mkia. Kila baada ya siku chache ukague mishono, ukiona uzi umeanza kutoka, ushone upya au uutupe. Watakaotaka wa kununua na hawana cherehani, nipo, nitawatumia kwa basi.